Beko bangapi sasa?

Hii ilikuwa 1997 mwanzoni, me niko darasa la nne tunakaa Mwanga, Kigoma. Watu wa Kigoma kipindi kile wanakikumbuka, maboti yanashusha watu pale Kibirizi usiku na mchana wanakimbia vita Kongo, toka 96 mwishoni vita ilivyofika Uvira na Fizi. Wengi walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kambini Nyarugusu kule Kasulu, ila wenye ndugu mjini wengine walibaki humu humu kimya kimya. Jirani yetu, mama mmoja Mbembe, kabila la huko huko Fizi, akampokea mtoto wa dada yake, rika langu kabisa. Tulimuita Dogo tu.

Jumapili moja tukatoroka nae kwenda kibanda cha video. Hamsini kwa kichwa, tivii ya chogo, jenereta linaunguruma nje, madirisha yamezibwa kwa magunia, joto usiseme na nguo za watu zinanuka dagaa. Picha ya siku iyo ya kizungu, watoto watano wamekwama kwenye nchi yenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, wanakatisha pori kutafuta mpaka, mara wamepanda punda, mara wanavuka mto kwa kamba, na wana mbwa ana akili kushinda wanajeshi wote. Tulishangilia balaa. Mbele kuna jamaa anatafsiri kwa kupayuka, na sidhani kama kingereza alikuwa anakijua, alikuwa anatunga tu, ila anatunga vizuri yule mtu.

Dogo hakushangilia. Kila saa ananigusa, "Beko bangapi sasa?" Nahesabu, namwambia watano. Kidogo tena, "Na sasa?" Watano bwana, angalia picha! Walivyowasha moto usiku wakaanza kuimba, akacheka peke yake kibanda kizima, kicheko kibaya hadi watu wakageuka. "Moto, usiku? Na banaimba?"

Mwisho wakafika mpakani, mama yao analia, mbwa nae kafika. Makofi. Dogo akauliza, "Bote batano?" Nikamwambia wote. Akasema, "Ile ni bongo." Kumbe kwao bongo ni uongo, me nikajua anasema ni picha ya Dar, nikabishana nae njia nzima kwamba wale ni wazungu, hajaona nywele?

Baadae sana ndo nilimsikia mama yake mdogo anamwambia mama jikoni kwamba kule kwao Baraka, mji wa Fizi, waliondoka watoto sita wa tumbo moja, Kibirizi walishuka watatu. Boti halikuzama. Ilikuwa ni njiani kabla ya boti, hakueleza zaidi na mama hakuuliza, akaendelea kuchambua dagaa.

Siku ile tulifika giza limeingia tukachapwa wote, yeye kwa mama yake mdogo, me kwa mama. Wiki iliyofuata nikamwambia twende kuna ya karate. Akaja. Ya karate aliipenda mno, alisimama kabisa juu ya benchi anarusha mateke, na hakuniuliza wako wangapi hata mara moja.