Yusto, Mathiya na Mjapani wa dakika za mwisho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nianze kwa kukiri. Jumatano tatu mfululizo sikuonekana kwenye ibada ya katikati ya juma. Walioniuliza niliwajibu kwamba magoti yananisumbua. Ni kweli yananisumbua, ila hayajawahi kunizuia kwenda sokoni.

Ilisomwa orodha mpya ya viongozi, na jina langu halikuwemo. Kipindi kile cha Jumatano nimekiongoza miaka kumi na mmoja. Sasa kinaongozwa na binti niliyemfundisha mwenyewe Shule ya Jumapili, niliyekuwa nikimfuta kamasi. Mimi nimeachiwa funguo na vitabu vya nyimbo. Moyoni nikasema, haya, watajifungulia wenyewe.

Nikiwa katika hali hiyo, Jumapili jioni nikamkuta kitinda mimba wangu sebuleni anaangalia marudio ya mechi. Yeye ni Liverpool mpaka ndala. Akasema, "Mama, huyu mzee akiingia, ujue mechi imefungwa." Nikatafuta mzee simwoni. Kumbe ni mwanamume wa Kijapani wa miaka thelathini na ushee, anaitwa Wataru Endo, anavaa jezi namba 3. Kwa mpira huo ni uzee, sisi wengine sijui tuitwe nani. Nikamwambia nisimulie. Akanisimulia mpaka chai ikapoa.

Simfanyi Endo mtakatifu, wala simleti hapa kama mwalimu wa imani. Lakini Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu, na Paulo aliwaelekeza Wakorintho kwa wakimbiaji. Nami nivumilieni.

Endo alizaliwa Yokohama, Japani, mwaka 1993. Alikulia klabu ya Shonan Bellmare ya hukohuko, akahamia Urawa Reds, na mwaka 2017 wakatwaa ubingwa wa klabu za Asia. Ulaya alifika mwaka 2018 akiwa na miaka 25, tena kwa mlango mdogo, klabu ya Sint-Truiden ya Ubelgiji. Mwaka uliofuata akaenda Stuttgart, Ujerumani, wakati timu hiyo imeshuka daraja la pili. Hata huko chini, miezi ya mwanzo hakuwa akipangwa. Akangoja. Timu ikapanda, naye msimu wa 2020/21 akawa kinara wa Bundesliga nzima, yaani ligi kuu ya Ujerumani, kwa kushinda mipambano ya ana kwa ana, kisha akapewa unahodha. Tarehe 14 Mei 2022, siku ya mwisho ya ligi, Stuttgart walihitaji bao ili wasiende kucheza mechi za mtoano za kubaki ligi kuu. Dakika ya 92 ikapigwa kona, Endo akafunga kwa kichwa dhidi ya Köln. Mwanangu alinionyesha kwenye simu jinsi watu walivyomiminika uwanjani, nikajikuta nimesimama.

Agosti 2023 Liverpool wakatafuta kiungo mkabaji. Walimtaka Moisés Caicedo, akachagua Chelsea. Wakamtaka Roméo Lavia, naye akachagua Chelsea. Ndipo wakamchukua Endo, miaka 30, kwa takriban pauni milioni 16, ambazo kwa bei za wale wawili ni kama nauli. Mwanangu anakiri kwamba kibanda umiza kizima kilicheka, na yeye akiwemo. Siku moja tu baada ya kusaini, aliingizwa uwanjani dhidi ya Bournemouth, wenzake wakiwa wamebaki kumi kwa kadi nyekundu. Desemba 3 mwaka huohuo, Liverpool wako nyuma 3–2 kwa Fulham, anaingia kutoka benchi na dakika ya 87 anasawazisha. Wakashinda 4–3. Februari 2024, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, alicheza dakika zote 120, na kombe likaja Liverpool kwa bao moja la Virgil van Dijk. Na waliofungwa ni nani? Chelsea haohao.

Hapo nilishachukua kalamu. Nilishapata mahubiri: jiwe walilolikataa waashi limekuwa jiwe kuu la pembeni! Nilijiona mimi ndiye jiwe, na waashi nikawajua kwa majina. Mwanangu akanikata. "Mama, haijaisha. Kocha alibadilika."

Kumbe Jürgen Klopp aliondoka mwaka 2024, akaja Arne Slot, na Endo akarudi benchi. Nahodha wa timu ya taifa ya Japani, aliyeikabili fainali nzima bila kupumzishwa, msimu wa 2024/25 karibu wote akawa mtu wa kuingia mwishoni. Dakika ya themanini na kitu, timu inaongoza, anaitwa alinde. Anavua koti la mazoezi, anaingia, anakaba kana kwamba alianza tangu dakika ya kwanza. Aprili 2025 Liverpool wakawa mabingwa wa Uingereza, naye ni bingwa.

Wapendwa, hilo ndilo lililonichoma. Kwa yule aliyekataliwa kisha akainuliwa, mahubiri tunayo mengi, na tunayapenda. Lakini je, aliyeinuliwa, akatumika vizuri, kisha akarudishwa kukaa? Huyo tunamwambia nini? Mara nyingi tunamwambia kuna adui anayempiga vita. Tunamwombea arudishiwe nafasi. Hatumwombei aweze kukaa.

Usiku ule nikafungua Matendo ya Mitume sura ya kwanza. Mnaikumbuka. Nafasi ya Yuda iko wazi, Petro anataka mtu aliyefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku Bwana alipochukuliwa juu. Wakasimamishwa wawili: Yusufu aitwaye Barsaba, aliyekuwa na jina la pili Yusto, na Mathiya. Wote wamekidhi vigezo. Wakaomba, wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya.

Nimesoma habari hiyo tangu nikiwa msichana wa kipaimara, na sikuwahi hata mara moja kumfikiria Yusto. Fikiri mambo yalivyokuwa. Hakukosa kwa dhambi, hakukosa kwa uvivu. Yote ambayo Mathiya aliyaona, naye aliyaona. Amesimamishwa mbele ya watu kama mia na ishirini, wote wanamtazama, halafu jina linalotajwa ni la mwenzake. Kisha ageuke, arudi kukaa. Nani kati yetu angerudi kesho yake?

Sasa geuza ukurasa. Siku chache tu baadaye, sura ya pili, mstari wa kwanza: "Hata ilipotimia siku ya Pentekoste walikuwako wote mahali pamoja." Wote! Sioni kwa nini nimtoe Yusto kwenye neno hilo. Na ndimi za moto, Neno linasema, zilimkalia kila mmoja wao. Moto haukuuliza nani yuko kwenye orodha ya Mitume na nani aliangushwa na kura. Ulimshukia aliyekuwepo. Kama Yusto angesusa, kama angebaki nyumbani akisingizia magoti, angekosa kikubwa kuliko utume wenyewe. Angepitwa na Roho Mtakatifu kwa ajili ya cheo!

Hapa nilie na nyinyi kidogo, maana tunajuana. Yuko mama aliyeacha kuja kwaya tangu solo ipewe mwingine. Sauti anayo, Mungu alimpa, imekaa ndani ya nyumba inapiga kelele kwa watoto. Wako wazee wa kanisa waliomaliza muda wao, na tangu hapo wamekuwa wageni wa Krismasi na Pasaka. Yuko ndugu aliyehama usharika kabisa kwa sababu ya uenyekiti wa jengo, na jengo lenyewe halijafika hata renta. Ndugu zangu, tulikuwa tunamtumikia nani? Kama ni Bwana, mbona Bwana hajahama? Yohana Mbatizaji aliona watu wake wote wanamwendea mwingine, akasema, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Sisi tunauimba mstari huo vizuri mpaka siku ya kupungua inapofika, ndipo tunapoanza kuulizia katiba ya kanisa.

Na tusidanganyane kwamba kukaa ni kulala. Mtu wa kuitwa dakika ya 87 anapasha misuli tangu mapema, anaufuata mchezo kwa macho, ajue nani amechoka na hatari inatokea upande gani. Mimi Jumatano hizi tatu sikupasha chochote. Nilikuwa jikoni, simu mkononi, nikisubiri nisikie kwamba kipindi kimedorora. Mungu anisamehe. Hakikudorora. Niliambiwa yule binti anaongoza vizuri, na mlango ulifunguliwa na mlinzi kwa funguo za akiba.

Daudi alishaamua zamani kwamba aliyekaa na vyombo apate fungu sawa na aliyeshuka vitani. Na wana wa Kora walitamani kuwa mabawabu tu nyumbani mwa Mungu. Tena nikicheka peke yangu nimewaza: kanisani sote tunakaa kwenye benchi, hata waliopangwa.

Nimempigia simu yule binti. Nilitaka kumwomba msamaha, akaniwahi kwa kuuliza magoti yanaendeleaje. Nikakosa la kusema. Nikamwambia yana nafuu, kisha nikamwambia ukweli. Alinyamaza, akasema, "Mama, mimi naogopa kila Jumatano. Njoo ukae mbele nikuone."

Niombeeni, kwa sababu ninajifahamu. Akianzisha wimbo juu mno, ulimi utaniwasha. Akirefusha matangazo, nitaangalia saa. Jumatano kipindi kinaanza saa kumi na moja jioni. Mimi nitafika saa kumi, funguo ninazo.