Kigoma hadi Tabora kwa treni, kukagua vyuo

Tulikuwa na vijana wanne waliomaliza kidato cha nne, na sehemu kubwa ya kazi ilishafanyika kabla hatujakata tiketi. Ilianzia kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Humo usitafute jina la chuo tu, tafuta kozi yenyewe: chuo kinaweza kuwa na usajili halali, halafu kozi unayoitaka isiwemo. Angalia na kampasi. Chuo cha Utumishi wa Umma, kwa mfano, kina kampasi Tabora na mikoa mingine kama Mtwara, Singida na Tanga, kwa hiyo uliza kozi yako inafundishwa wapi.

Kisha piga simu ofisi ya udahili na uulize swali moja: wanafunzi wako darasani wiki hiyo? Ukienda wakati wa likizo utaona majengo, na majengo hayafundishi mtu. Wakati wa mitihani nako hakuna atakayekuwa na dakika tano za kuongea nawe.

Kwenye begi weka nakala mbili mbili za matokeo ya NECTA na cheti cha kuzaliwa, daftari, na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Vyeti halisi viache nyumbani; behewa la daraja la tatu usiku si mahali pake.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na hadi Tabora ni kilomita kama 400. Unapita Uvinza ya chumvi, Malagarasi, Nguruka, kisha Kaliua ambako njia ya Mpanda inachepuka, halafu Urambo. Treni ikichelewa hakuna wa kumlaumu, basi usiweke miadi siku ile ile ya kufika. Weka kesho yake, na isiwe Ijumaa: baada ya swala ofisi nyingi huwa zimeshapoa.

Tabora ina vyuo vya aina nyingi kwa mji mmoja: Reli, Nyuki, Ardhi, Ualimu, Utumishi, na AMUCTA kwa wanaotafuta shahada. Viwili kwa siku vinatosha. Getini anza na "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya huko, toa kitambulisho, saini daftari la wageni, na umwulize mlinzi maji yanatoka siku gani. Huyo hajaajiriwa kukisifia chuo.

Ofisi ya udahili tuliimaliza haraka. Omba maelekezo ya kujiunga ya mwaka huu, usome michango iliyo chini ya ada: bima, mitihani, sare, fedha ya tahadhari. Hapo ndipo bajeti za wazazi huchanika.

Ubao wa matangazo ndio unaostahili muda. Katika chuo kimoja kipindi cha vitendo cha Jumatano kilikuwa kimekatwa kwa kalamu nyekundu kwenye ratiba za wiki tatu mfululizo. Kwenye karakana inama uangalie chini ya jiliwa, kile chombo cha kubania chuma. Ukikuta unga mpya wa chuma, watu wanafanya kazi. Ukikuta vumbi la kawaida na buibui kwenye mpini, mashine ile ipo kwa ajili ya wageni.

Hosteli, fungua bomba mwenyewe. Ndoo zikiwa zimepangwa foleni saa 5 asubuhi, jibu la maji umeshalipata. Kantini, uliza bei ya sahani ya wali maharage kisha piga hesabu. Kwa shilingi 1,500, mara mbili kwa siku, mhula wa wiki 17 ni shilingi 357,000, na chai haimo.

Hapo kantini wazazi walikaa meza ya mbali, kwa makusudi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiona mtu wa kumwamkia shikamoo atasema kila kitu ni kizuri. Vijana wakibaki wenyewe watajibiwa: fildi (mafunzo ya vitendo kazini) ulifanyia wapi, nani alikutafutia nafasi, matokeo ya mhula uliopita yalitoka baada ya muda gani, mwalimu gani haonekani? Swali la fildi ndilo zito kuliko yote, maana chuo kinachomwachia mwanafunzi ajitafutie nafasi kinamtwisha mzazi mzigo wa nauli na malazi.

Andika usiku huo huo, ukurasa mmoja kwa kila chuo. Ukifika cha tatu, bomba la hiki na ratiba ya kile huchanganyika kichwani. Na ada ya maombi ilipwe kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo. Anayekuambia umpe mkononi akusogezee jina, mwachie mkono wake mtupu.

Kurudi, kila mtu alitaka asali ya Tabora. Kaza kifuniko, funga chupa kwa mifuko miwili, na isikae begi moja na nakala za vyeti.