Mzoga wa kunguru na maji yanayonuka

Virusi vya West Nile, ambavyo mbu huvisambaza kati ya ndege, vilitambuliwa Uganda mwaka 1937. Vilipofika New York mwaka 1999, kunguru walikufa kwa wingi, na hadi leo kunguru aliyekufa ni kielelezo kizuri cha kupima kama virusi vipo mahali fulani.

Mzoga wa kupimwa uwe wa chini ya saa 24. Macho yakishadidimia na funza wakishaingia, uache. Chembe za urithi za virusi zimeshaharibika. Vaa glavu, geuza mfuko wa plastiki juu ya ndege, funga, tia kwenye mfuko wa pili, andika tarehe na mahali. Weka kwenye barafu. Kugandisha na kuyeyusha huharibu tishu za kuchunguzwa kwa hadubini. Kwa kunguru, kijiti cha pamba kilichosuguliwa kooni mara nyingi hutosha; spishi nyingine huhitaji ubongo na figo.

Ndege wengi huambukizwa wasife, kwa hiyo mizoga peke yake haitoshi. Tega mbu pia, nao wapimwe. Mimi naamini zaidi mtego wa maji yaliyolowekwa nyasi siku kadhaa: harufu ile huvuta majike wa Culex, kundi la mbu wanaoeneza virusi hivi, wanaotafuta pa kutaga, yaani walioshanyonya damu. Wapange mbu hao kwa spishi, wasizidi 50 kwa kichupa cha kupimwa.