Ufunguo Uko Muscat

Kitasa cha kisasa cha betri Kaka alikuja nacho Idi ya Aprili 2024, kwenye begi la mkononi, kimeviringishwa ndani ya kanzu ili kisigongwe. Kila akirudi kutoka Oman hutuletea halua na udi. Safari hiyo halua ilikuwepo, ila kabla hatujaionja aliweka boksi jeusi juu ya meza na kutangaza kwamba habari ya kumwachia jirani ufunguo imekwisha.

Simlaumu. Nyumba yetu ya Chumbageni, Tanga, ilikuwa bado na kitasa cha Union alichokiweka marehemu Baba, na funguo zake tatu: wa Mama, wangu, na wa tatu uliokuwa ukining'inia kwenye msumari barazani kwa jirani, ambako kila aliyepita kuomba chumvi aliuona. Mama anauza barafu za ubuyu, na kwa oda hupika mkate wa kumimina, kwa hiyo kwetu watu hawakauki kutwa. Sisi tunaoishi pale hatukuona shida yoyote. Kaka, peke yake chumbani Muscat, alikuwa akikesha akiuwaza ule msumari.

Kitasa chenyewe kilipendeza, lazima niseme. Cheusi, mkono mrefu, uso wa kioo ambao namba zake huwaka ukiugusa kwa kiganja, na betri nne ndogo upande wa ndani. Unafungua kwa kidole, kwa namba ya siri, kwa kadi, kwa simu, na yakishindikana yote kuna ufunguo wa chuma ambao tundu lake limefichwa chini ya kifuniko.

Aliyeitwa kukifunga ni fundi mzee wa Ngamiani, yule yule aliyeichonga ile topu ya mninga, yaani ubao wa mlango wenyewe, tulipojenga. Alikuja na patasi zake zimefungwa kwenye kipande cha gunia. Boksi hakuligusa. Aliufungua mlango nusu, akauachia, akautazama ukijirudisha wenyewe polepole. Kisha akatoa sarafu mfukoni na kuipitisha kwenye mwanya kati ya topu na fremu, kuanzia chini. Iliteleza vizuri hadi usawa wa kifua. Kutoka hapo ikaanza kukaza, na karibu na juu ikakwama kabisa.

"Mlango umelala," alisema. "Bawaba ya juu imechoka. Tuunyanyue kwanza, ndiyo tuweke hiyo mashine yenu."

Kaka akatazama saa. "Mzee wangu, kesho alfajiri nina basi la Dar, na usiku nina ndege. Tukiweke tu, hilo utakuja kulimalizia."

Fundi hakubishana. Anayelipa ndiye aliyekuwa na tiketi.

Karatasi ya vipimo iliyokuja na kitasa ikabandikwa kwenye ukingo wa topu kwa selotepu, pakatiwa alama za penseli. Kwenye kile cha zamani mkono na tundu la ufunguo vinaachana milimita 57. Hiki kipya kilikuwa na mpangilio wake, na sanduku lake la chuma lilikuwa refu kuliko shimo la Union. Ikabidi kuchimba. Mninga mkavu hauna huruma na patasi, na vumbi lake lilimkaa fundi kwenye nyusi. Mama alikuwa akiokota vibanzi kwa ajili ya kuwashia jiko, na kile kitasa cha Baba akakifunga kwenye gazeti pamoja na skrubu zake zote, akakiweka kabatini bila kusema kitu. Bamba la kipya lilikuwa pana, likafunika matundu ya zamani, la sivyo tungekuwa na mlango wenye macho.

Kuna utepe wa nyaya unaounganisha sehemu ya nje na ya ndani. Unapita kwenye tundu katikati ya ubao. Pale ndipo nilipomheshimu yule mzee. Kabla ya kukaza skrubu hata moja aliusogeza utepe pembeni kwa njiti ya kiberiti, akachungulia kwa tochi ya simu yangu, akausogeza tena. "Huu ukibanwa," aliniambia, "mtamwita mtu wa kompyuta bure."

Betri zilipoingia, kitasa kikazungumza. Sauti ya mwanamke, kwa Kiarabu, maana kilinunuliwa kule. Mama akaitikia, "Marhaba," kwa tahadhari, kisha akamtazama Kaka kuona kama amefanya sawa.

Tukaanza kusajili vidole. Changu kilikubaliwa papo hapo. Cha Mama kilikataliwa, na kingine, na kingine. Miaka ya kukuna nazi na kufua imeisugua mistari ya vidole vyake hadi imekaribia kwisha. Hata mwaka 2019, tulipotakiwa kusajili upya laini za simu kwa alama za vidole, alihangaika vivyo hivyo, kidole hadi kidole. Wenye wazazi wa umri ule walijue hili: kilichotusaidia ni gumba la mkono wa kushoto, lililopakwa mafuta ya nazi kidogo na kufutwa vizuri, kisha likasajiliwa zaidi ya mara moja, kila mara limelazwa kwa namna tofauti. Na namba ya siri ikawekwa kama akiba. Kaka alimwonyesha kwamba anaweza kubonyeza tarakimu zozote kabla na baada ya namba ya kweli, kitasa kitaichambua chenyewe, na anayechungulia asiambulie kitu. Hilo lilimfurahisha kuliko yote. Watoto wa barafu wakisimama nyuma yake, Mama alibonyeza tarakimu nyingi kama anapiga simu Ulaya.

Kaka akaondoka, na usimamizi wote wa kitasa ukaondoka naye, ndani ya simu yake.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Kila mlango ulipofunguliwa, simu yake kule kazini ililia. Ikipita dakika, ananipigia. "Mbona umefunguliwa mara tano ndani ya robo saa? Kuna nini hapo?" Nikimpa Mama simu, anamjibu, "Kuna jua, baba. Watoto wanataka barafu."

Kisha ikaja habari ya dada anayemsaidia Mama asubuhi. Kaka hakutaka awe na namba ya kudumu, akawa anamtumia namba ya muda, inayofanya kazi kuanzia saa mbili hadi saa nne. Siku nyingine inakubali, siku nyingine inamwacha nje na ndoo yake. Kaka aliapa kwamba kila kitu kwake kinaonyesha sawa. Tukashuku mtandao, tukashuku ruta ya sebuleni, tukaizima na kuiwasha. Dada ndiye aliyeona. "Nikiwahi inafungua," alisema. "Nikifika baada ya saa tatu inakataa." Basi ndiyo hiyo. Kitasa kilisajiliwa kwa simu ya Muscat, kikawa kinahesabu saa za Muscat, zilizo mbele ya zetu kwa saa moja. Saa nne ya Kaka ilikuwa saa tatu ya Tanga. Aliahidi kuwa anaongeza saa moja kila akitengeneza namba. Aliongeza alipokumbuka.

Kilichomkera Mama hasa ni kujifunga kwenyewe. Mlango ukirudi, sekunde chache tu, ulimi unatoka, tayari umefungwa. Kwa nyumba ya watu wanaotoka asubuhi na kurudi jioni ni jambo jema. Kwa mtu anayetoka kumpa mtoto chenji na kurudi kuchungulia chungu, ni adhabu. Kuna mpangilio wa kuuzuia, ila ulikuwa kwenye simu ya msimamizi, na msimamizi alikuwa na msimamo.

Masika ya mwaka ule tunayakumbuka wote. Mvua haikutaka kukatika, na mwanzoni mwa Mei ikawa habari ni Kimbunga Hidaya. Mbao zikanywa maji. Kitasa kikaanza kuguna: unaweka kidole, kinakutambua, mota inanguruma kwa uzito, ndiyo kinafungua. Betri zikaanza kuonyesha taa nyekundu. Nilizibadilisha kwa zile za bei rahisi za dukani mtaani, zikachoka upesi.

Wiki ile ile, asubuhi moja nikiwa kazini, nikapigiwa na jirani. Mama alikuwa nje. Maharage yako jikoni. Upepo umeusukuma mlango.

Nilipanda bodaboda kwenye mvua huku nimempigia Kaka. Akaingia kwenye programu yake, akatuma amri ya kufungua. Nilipofika niliisikia mwenyewe: amri inafika, mota inanguruma, inanyamaza, inajaribu tena, kisha mlio wa kukataa na yule mwanamke anasema neno lake. Gumba la Mama limelowa, namba ameiweka sahihi, kitasa kinamkubali, ila mlango haufunguki. Harufu ya maharage ilishaanza kupita chini ya mlango. Ufunguo wa chuma ulikuwa ndani, kwenye droo ya cherehani. Kaka kwenye spika anasema labda programu inataka kusasishwa, tusubiri, anaangalia.

Jirani alikuwa amesimama na mwavuli, kimya muda wote. Akamkabidhi mtoto mwavuli, akauegemea mlango kwa bega, akashika nakshi ya topu na kuuinua juu. "Weka namba sasa, dada," akamwambia Mama. Mama akaweka. Ukafunguka bila hata kuguna.

"Mlango huu wakati wa mvua lazima uunyanyue," jirani alisema, akichukua mwavuli wake. "Kwani nyie hamjui?"

Alikuwa ameufungua kwa ule ufunguo wa msumarini kwa miaka, kiangazi na masika. Mimi nilikuwa nikiusukuma kwa goti nikidhani ni hasira zangu tu.

Fundi alikuja mvua ilipopumzika. Alilitazama lile sufuria la maharage lililoungua, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye masizi ya mgongoni. Akaupaka ule ulimi wa chuma masizi kwenye ncha, akaufunga mlango, akasubiri mota ingurume, akafungua. Kwenye bati la fremu, pale ulimi unapoingia, kulikuwa na mstari mweusi ukingoni mwa chini. Juu palikuwa peupe kabisa. Alituita wote tuone. Ulimi ulikuwa ukisugua chini kwa sababu mlango umeshuka, na umeshuka kwa sababu ya ile bawaba. Mkono wa mtu ukikutana na ugumu kwenye ufunguo unaongeza nguvu bila hata kufikiri. Mota ndogo ya betri nne haina nguvu ya kuongeza; inasukuma, inashindwa, inarudia, na kila kurudia kunakula betri. Kitasa hakikuwa na ugonjwa wowote.

Alizitoa skrubu fupi za bawaba ya juu, akaweka ndefu zilizofika hadi ukutani nyuma ya fremu, na topu ikapanda tuking'aa macho. Akapiga tupa kidogo kwenye bati. Nilimwomba apige na randa ukingo wa juu uliovimba, akakataa. "Mninga ukiuranda na maji yake, kiangazi utapitisha mkono hapo." Nikanunua betri za alikalini, na mota ikawa haisikiki tena ila ukitega sikio.

Jioni ile Mama alimpigia Kaka mwenyewe. "Baba, mlango umepona. Sasa nataka nyumba yangu."

Walizungumza kwa muda mrefu. Kaka alitaja wezi, akataja umri, akataja msumari. Mama alimwacha amalize kila mara, kisha akarudia sentensi yake. Ijumaa baada ya swala alikubali. Ilibidi akubali yeye, maana kitasa cha namna hii hakipokei mmiliki mpya mpaka wa kwanza akiachie kwenye programu yake. Alipokiachia, nilibonyeza kitufe kilichofichwa pembeni ya betri na kukishikilia hadi yule mwanamke akatangaza, na tukaanza upya kwa simu ya Mama, saa za Tanga. Kiarabu alikataa kukibadilisha, alisema ameshamzoea. Kujifunga kwenyewe kukawekwa kuwa kwa usiku tu. Vidole vikasajiliwa: gumba lake, changu, cha dada. Kisha akatoka barazani, akamwita jirani aje na mikono mikavu.

Idi ya mwaka 2025 Kaka alifika mchana, akaweka kidole chake, akakataliwa. Mama alimfungulia kutoka ndani akicheka. Usiku akamtumia namba ya muda, ya kutumika hadi siku ya tiketi yake ya kurudi, saa kumi na mbili asubuhi, na ujumbe mwingine nyuma yake kwamba saa hizo ni za hapa.