Gego langu, aspirini na supu ya makongoro

Gego la chini kushoto lilianza kunisumbua Jumanne. Usiku nikameza aspirini mbili, alfajiri mbili nyingine, Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi nikaenda kuling'oa. Daktari akauliza kama kuna dawa natumia. Nikajibu hapana. Mimi huyu, mwaka wa 11 nipo maabara napima damu za watu!

Saa nane mchana bado nilikuwa natema mate mekundu kwenye kikopo cha mtindi. Mama Neema akaniangalia: "Baba Neema, si wewe ndiye fundi wa damu?"

Fundi alishajua tatizo liko wapi. Mshipa wa damu kwa ndani umetandazwa seli laini. Nyuma ya seli hizo kuna kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia ngozi, kano na mifupa. Ukichemsha kwato za ng'ombe tangu alfajiri, kolajeni ndiyo inayeyuka na kukunatisha midomo ukinywa makongoro. Mshipa ukiwa mzima, damu haiigusi kabisa. Ukichanika tu, zinakutana, na chembe sahani ndizo zinazowahi.

Chembe sahani, kazini tunaziita pleteleti, ni vipande vilivyomeguka kutoka seli kubwa za kwenye uboho, havina hata kiini. Tatizo lao ni kasi ya damu: zinapita mbio, kujishikiza si rahisi. Kwa hiyo ipo protini ndefu kama kamba, inajibandika kwenye kolajeni na kuzidaka zikipita. Imepewa jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland aliyeandika mwaka 1926 habari za familia moja ya visiwa vya Åland iliyorithishana tatizo la kuvuja damu kupita kiasi. Binti wa familia hiyo alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Namkumbuka kila mama anaponiambia hedhi nyingi ya mwanawe "ni ya ukoo tu". Ndiyo, mama, inawezekana ni ya ukoo kweli, ndiyo maana tumpime.

Pleteleti ikishadakwa, inaing'ang'ania kolajeni yenyewe, inatoa vidole kama pweza, halafu inaita wenzake. Sehemu ya wito huo ni kemikali iitwayo tromboksani, na hapo ndipo aspirini inapoharibu. Inafunga kimeng'enya cha kuitengenezea, na pleteleti isiyo na kiini haiwezi kuunda kingine. Inabaki hivyo mpaka ife, siku 7 hadi 10. Zangu zilikuwa zinanata kwenye shimo la jino vizuri tu. Sauti ya kuita ndiyo ilikuwa imekauka.

(Bibi yangu anayemeza ile ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo asije akaiacha kwa sababu ya haya. Amwambie tu daktari kabla ya kung'olewa, tofauti na mjukuu wake.)

Nikarudi kwa daktari, nikaungama. Hakunisema. Akajaza shimo kwa sponji ya jelatini, akashona nyuzi mbili, nikauma pamba nusu saa. Jelatini ni kolajeni iliyopikwa, yaani nimezibwa kwa ndugu yake makongoro.

Ijumaa nikajipima: pleteleti 238,000, na kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Mashine inahesabu vichwa, haijui nani bubu.

Jumapili tulipika makongoro. Nikanywa ya vuguvugu, nikitafunia kulia.