Siku moja maishani mwangu: nasomea ualimu wa kuzamia Moshi, bahari iko Tanga

Saa kumi na moja alfajiri. Pasua bado giza, na mwezi wa saba Moshi baridi yake mnaijua. Naanza na mitungi: napachika geji, nasoma mgandamizo, bar 200, nafungulia hewa kidogo na kuinusa. Hewa safi haina harufu yoyote. Mtungi mmoja una kilo kama 14, na yote imejazwa Tanga, kwa hiyo hewa hii haichezewi.

Tanga ndiko iliko kazi yangu hasa. Niko kwenye mradi wa kuhifadhi matumbawe: tunalaza kamba ya mita 50 juu ya mwamba, tunaifuata taratibu tukiandika kilicho hai na kilichokufa. Kusi ikichacha maji yanachafuka, kazi inasimama, nami narudi nyumbani kumsaidia mwalimu wangu anayefundisha kwenye bwawa la hoteli. Mimi bado si mwalimu. Ninaongoza wazamiaji, naruhusiwa kumsaidia mwalimu darasani, na kwa utaratibu wa PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, mtu hafanyi mtihani wa ualimu kabla hajazamia mara 100. Kuna pia stadi 24 za kuonyesha majini, kila moja kwa utulivu ambao mwanafunzi anaweza kuufuata kwa macho tu.

Saa moja kirikuu chenye mitungi kinafika getini pa hoteli, mlinzi anachungulia.

“Oksijeni hizo? Hospitali ya KCMC si huku, dada.”

“Shikamoo mzee. Si oksijeni, ni hewa hii hii tunayovuta.”

Asilimia 21 oksijeni, inayobaki karibu yote naitrojeni. Namweleza, anampigia meneja, tunasubiri nusu saa. Simlaumu. Hapa ukitaja uhifadhi watu wanaona tembo, na chuo cha Mweka kiko hapo juu tangu 1963 kikifundisha uhifadhi wa wanyamapori. Bahari iko mbali na macho. Lakini tumbawe la mviringo, lile kama jiwe kubwa, hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, na bomu moja la mvuvi wa baruti hulivunja mara moja. Nimeogelea juu ya vifusi hivyo. Ndiyo maana nataka watu wengi zaidi wanaoweza kutulia majini na kuhesabu.

Saa tatu darasa linaanza. Wanafunzi wanne, watatu wanaogelea mita 200, wanaelea dakika kumi, wanavua miwani chini ya maji na kuirudisha bila matatizo.

Wa nne ni kiongozi wa wageni mlimani, mtu mzima, alianza kama mgumu akibeba mizigo. “Dada, mimi Uhuru napajua kama chumbani kwangu. Mita 5,895. Hizi tatu ni nini?” Namheshimu, kwa kweli. Ila tukifika chini ananionyesha dole gumba: poa. Kwa wazamiaji dole gumba ni “tunapanda juu.” Tunapanda. Mwalimu anamkumbusha kuwa “poa” ni duara la vidole viwili, tunashuka. Dole tena. Tunapanda tena, na kila kupanda hewa ya Tanga inaondoka.

Hilo la dole linachosha tu. La kutisha ni kwamba anabana pumzi. Namtazama mdomoni, hakuna viputo. Anasema anaokoa hewa. Mlimani mgandamizo wa hewa unapungua kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mwili unazoea. Majini unabadilika ndani ya pumzi moja: ukitoka mita 10 baharini hadi juu, hewa iliyo kifuani inataka nafasi mara mbili. Ukiwa umefunga koo, pafu linapasuka, na hata kina cha bwawa hili kinatosha kumuumiza mtu. Kwa hiyo kila akianza kupaa namkamata mkanda wa jaketi, namshikilia, namwonyesha viputo vinavyotoka kwangu, nasubiri. Anakasirika. Mimi natetemeka kwa baridi, vidole vimekunjamana, wale watatu wameshatoka wanakunywa chai. Saa sijaiangalia tena.

Mwishowe nachukua kibao cha kuandikia majini, naandika kwa herufi kubwa: POLE POLE. Neno analowaambia wageni wake kutwa nzima, na leo anaambiwa yeye. Anacheka, na viputo vinamwagika. Mabega yanashuka. Anavuta polepole, anatoa polepole, tunapanda pamoja, viputo havikatiki hadi juu. Hapo nimesahau baridi.

“Mangi, umeona?” mwalimu anamwambia. Yeye ananigeukia mimi: “Asante, mwalimu.” Sijamsahihisha.

Mchana ni kuosha vifaa kwa maji safi na kuanika suti za kuzamia. Jioni yule kiongozi wa mlimani anapiga simu. Anauliza habari za mabomu, halafu anauliza la wageni wake: wakizamia Zanzibar asubuhi, wanaweza kuruka hadi uwanja wa ndege wa KIA jioni ile ile? Hapana. Waliozamia zaidi ya mara moja wasubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na geti la Machame liko juu takriban mita 1,800, kwa hiyo mlima nao usubiri. Ananiambia nirudie polepole, anaandika.

Nakula, nasoma kurasa chache za fizikia ya kuzamia, macho yanafunga. Kesho saa tatu yeye na mimi tunaanza na kupanda juu, safari hii bila kibao.