Hamoniki za Gitaa: Mkono wa Kulia Ndio Wenye Kazi

Wanaojifunza hamoniki za gitaa, yaani zile sauti nyembamba kama za kengele zinazotoka uzi ukiguswa tu bila kukandamizwa, karibu wote huanza kwa kuulaumu mkono wa kushoto. Sauti isipotoka, husogeza kidole huku na huku juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingo ya gitaa), hukandamiza kidogo zaidi, kisha hulegeza, na mwisho huamua kwamba gitaa lenyewe ni bovu. Nimewafundisha vijana kadhaa hapa Mtwara, wengi wao wapigaji wa kwaya, na maoni yangu ni kwamba mkono wa kushoto huielewa kazi yake mapema. Kinachowachelewesha ni mkono wa kulia, ambao hakuna anayeutazama.

Kazi ya mkono wa kushoto si nyingi. Ncha ya kidole huugusa uzi bila kuukandamiza ufike kwenye ubao wa shingo, nayo hukaa juu kabisa ya chuma cha freti, si nyuma yake kama tulivyozoea tunapopiga nota za kawaida. Uzi ukishapigwa, kidole huinuliwa papo hapo; kikichelewa, nyama yake humeza sauti, na kikiwahi mno, husikika uzi mtupu. Wepesi huo huja kwa mazoezi ya jioni chache, na sioni sababu ya kulirefusha somo lake.

Kinachostahili kueleweka vizuri ni kile kinachotendeka kwenye uzi wenyewe. Uzi ukipigwa hautetemi kwa namna moja tu. Hutetema wote kwa pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na wakati huohuo hutetema kwa nusu mbili, kwa theluthi tatu, kwa robo nne na kuendelea, na sauti tunayoisikia ni mchanganyiko wa mitetemo hiyo yote. Kila mtetemo wa vipande una sehemu zisizosogea, ambazo hapa nitaziita nukta tulivu: mtetemo wa nusu unayo moja, katikati ya uzi, wa theluthi unazo mbili, wa robo unazo tatu. Kidole kinapogusa katikati ya uzi, mitetemo inayohitaji mahali hapo pasogee huzimika, na ile iliyokuwa imetulia hapo huendelea kana kwamba kidole hakipo. Kwa hiyo uzi wa tano, ambao ukiwa mtupu hutetema mara 110 kwa sekunde, hutoa mitetemo 220 kwenye freti ya 12, iliyo katikati ya uzi, 330 kwenye freti ya 7, iliyo kwenye theluthi, na 440 kwenye freti ya 5, iliyo kwenye robo. Mfaransa Joseph Sauveur alikwisha kuyaeleza mambo ya mitetemo hii na nukta zake mwaka 1701, wakati gitaa la nyuzi sita tunalolijua leo halijatengenezwa.

Baada ya freti ya 5, chuma cha freti huacha kuwa kiongozi wa kuaminika. Hamoniki inayofuata hutaka uguse uzi kwenye sehemu ya tano ya urefu wake. Gitaa ambalo urefu wa uzi wake kutoka kichwani hadi darajani, yaani pale nyuzi zinaposhikwa juu ya ubao wa mbele, ni milimita 650 huwa na nukta hiyo kwenye milimita 130, ilhali freti ya 4 iko kwenye milimita 134. Anayeweka kidole juu ya chuma, kama alivyofundishwa kwa freti nyingine, hupata mkwaruzo tu. Akirudi milimita nne kuelekea kichwani, sauti hufunguka. Hamoniki ya sehemu ya sita nayo hukaa kama milimita tano mbele ya freti ya 3, kwa upande wa daraja. Hapa ndipo ninapomwambia mwanafunzi afumbe macho na atafute kwa sikio.

Sasa nije kwenye mkono wa kulia. Uzi ukipigwa kwenye nukta tulivu ya mtetemo fulani, mtetemo huo hauzaliwi kabisa, kwa kuwa huwezi kukisukuma kwa kidole kitu ambacho mahali hapo hakisogei. Nukta tatu za hamoniki ya freti ya 5 zipo kwenye robo ya kwanza ya uzi, katikati na robo ya mwisho, na katika magitaa mengi ya mbao hiyo robo ya mwisho huangukia karibu na katikati ya tundu la sauti, yaani palepale ambapo vidole vya kulia vya wengi hupumzika. Mahali hapo hapo ni pazuri kuliko pote kwa hamoniki ya freti ya 12. Mwanafunzi hupiga freti ya 12 ikalia vizuri, akahamishia kidole cha kushoto kwenye freti ya 5 bila kuusogeza mkono wa kulia, na gitaa likanyamaza.

Mpwa wangu aliyafikia hayo kwenye baraza la nyumbani, Shangani. "Mjomba, freti ya tano ya gitaa hili haina kitu," aliniambia, na kwa jinsi alivyokuwa akipiga, alisema kweli. Sikumgusa mkono wa kushoto. Nilibandika kipande kidogo cha utepe wa karatasi kwenye ubao wa mbele, kama sentimita nane kutoka kwenye daraja, nikamwomba apige hapo, karibu na ukucha. Uzi wa tano uliita kwa nguvu mpaka akakiondoa kidole kwa mshtuko. Kisha tulihesabu pamoja: kwa freti ya 7 mkono ukae kama sentimita 11 kutoka kwenye daraja, kwa freti ya 5 sentimita nane, na kwa ile ya jirani na freti ya 4 sentimita sita na nusu. Kadiri hamoniki inavyopanda, ndivyo mkono unavyosogea darajani.

Sisi wa pwani tuna jambo moja la kuongeza, nalo ni hewa ya chumvi. Nyuzi za chuma hushika kutu upesi hapa, na uzi wenye kutu na uchafu wa jasho hauna uzito ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, hivyo nukta zake huhama na sauti hufa mapema. Kipimo chake ni rahisi: piga hamoniki ya freti ya 12, kisha ikandamize freti hiyohiyo na upige nota ya kawaida. Zikitofautiana na uzi ni wa zamani, badilisha uzi kabla ya kumlaumu fundi. Seti yangu hunifikia kwa basi kutoka Kariakoo, kwa hiyo nimezoea kuzifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ninapomaliza kupiga.

Wengi hujifunza hamoniki kwa ajili ya kutyuni, wakilinganisha freti ya 5 ya uzi wa sita na freti ya 7 ya uzi wa tano mpaka lile wimbi linalosikika kati ya sauti mbili lipotee. Ni zoezi bora la masikio, lakini nisingelitegemea kabla ya ibada. Hamoniki ya freti ya 7 ya uzi wa tano ni mitetemo 330 kamili, wakati nota hiyohiyo kwenye kinanda ni 329.6. Tofauti ni ndogo, ila ukiifuta kabisa katika kila jozi ya nyuzi, makosa hujumlishana, na gitaa halikubaliani na kinanda. Uzi wa tatu na wa pili hata haulinganishiki kwa njia hiyo. Anayeitumia aache wimbi la polepole, kama moja kwa sekunde tatu kati ya nyuzi hizo mbili nene, au atumie programu ya simu na kulimaliza.

Aliyeuzoea mkono wa kulia hapati shida kubwa na hamoniki za nota zilizokandamizwa, ambazo huwezesha kupiga wimbo mzima. Kushoto hukandamiza nota yoyote, kidole cha shahada cha kulia hugusa uzi freti 12 mbele ya hapo, na kidole cha pete cha mkono huohuo, au dole gumba, huupiga upande wa daraja. Kila nota ya kushoto ikihama, shahada nayo huhama kwa idadi ileile ya freti.

Kwa wenye magitaa ya umeme, sheria ileile huhusu pia pikapu, yaani kile kifaa cha sumaku chini ya nyuzi kinachonasa mtetemo wake. Katika magitaa mengi ya freti 21 au 22, pikapu ya shingoni hukaa chini ya ile robo ya mwisho ya uzi au karibu nayo, kwa hiyo hamoniki ya freti ya 5 hutoka kwenye spika ikiwa dhaifu hata kama vidole vimefanya kazi yote sawasawa. Swichi ipelekwe kwenye pikapu ya darajani.